Wazee Waliolinda Tenki

Asifiwe Mungu, aliyeweka maji duniani kabla ya kumweka mtu wa kuyanywa, na aliyenijalia kuyafuata maji hayo mtoni, kisimani, mtungini na kikombeni mpaka magoti yangu yakasema basi. Kama kuna jema katika haya ninayoandika, ni lake. Makosa ya kusimulia ni ya uzee.

Mmeniomba, ninyi vijana mliobaki katika kazi ya afya hapa Kyela, niwaachie maneno kabla sijayasahau. Vyeo na mishahara sitavisema. Vyeo vilichelewa kufika, na mishahara iliwahi kuisha. Nitawasimulia siku zangu za kwanza, mtu aliyenifundisha, na kijiji kimoja kando ya mto Songwe ambacho jina lake sitalitaja, kwa kuwa watu wake bado wapo, na baadhi yao wanasoma.

Siku niliporipoti kazini nilikuwa na shati jeupe na cheti kipya. Aliyenipokea ni Bwana Salum, bwana afya mkongwe, Mwislamu ambaye babu yake alitoka pwani akafungua duka mjini hapa. Alilitazama shati langu, akatazama mvua iliyokuwa ikinyesha nje, akaenda stoo akarudi na buti za mpira zilizonizidi ukubwa.

"Vaa hizi," alisema. "Shati hilo litunze, utalihitaji siku ya kustaafu."

Tukaenda Kasumulu, mpakani, kukagua migahawa ya akina mama wanaowapikia madereva wa malori. Bwana Salum aliingia, akasalimia, akakaa, akaagiza wali na samaki. Nikamnong'oneza kwamba tumekuja kukagua.

"Sasa unadhani nafanya nini?" akajibu. "Ukiogopa kula unachokikagua, ina maana umeshakikagua. Mwambie mama atulipishe, halafu mwambie kwa nini hukula."

Nilikula.

Alinifundisha kutoanza na choo. Vyoo vya Kyela vina shida yake mnayoijua: ukichimba shimo wakati wa kiangazi, masika maji ya ardhini yanapanda na kukurudishia kila ulichoweka. Ofisa mgeni akiona hivyo hufoka. Bwana Salum hakufoka. Alikuwa akifika nyumbani kwa mtu, anasalimia kwa Kinyakyusa chenye lafudhi ya pwani mpaka watoto wanacheka, anakaa, kisha anaomba maji ya kunywa. Katika kile kikombe aliona kila kitu: maji yametoka wapi, yamehifadhiwa katika nini, nani ameyachota na kwa mkono gani. Aliyaangalia, akayanusa, akashukuru, halafu akanipa mimi ninywe. Mungu ni mwema, sikuwahi kulazwa.

Kitendea kazi nilichokipenda kuliko vyote ni mtungi. Najua mlitarajia niseme pikipiki. Pikipiki za serikali zilinibeba, na mara nyingine mimi nilizibeba, hasa pale Katumba Songwe mvua zinapochanganya. Lakini mtungi wa Wakisi, wafinyanzi wa kando ya Ziwa Nyasa, ule unaoletwa kwa mitumbwi katika gulio la Lyulilo, una mdomo mwembamba na unapoza maji. Mtoto hawezi kuzamisha mkono mchafu humo kirahisi. Nikienda Matema kwa kazi nilirudi na mmoja nimeufunga nyuma ya pikipiki, na mke wangu aliniuliza kama nimeoa Lyulilo.

Ng'ambo ya Songwe, upande wa Malawi, nilikuwa na mwenzangu wa kazi, Bwana Wedson. Tulikutana mara ya kwanza katikati ya daraja la Kasumulu, kila mmoja amevaa buti za mpira, tukajuana kwa buti. Yeye akisema Kingonde na mimi Kinyakyusa tunaelewana bila mkalimani, kwa kuwa ni watu wamoja waliokatwa na mto na baadaye na ramani. Kwa utaratibu, taarifa ya ugonjwa ilipaswa kutoka kwangu kwenda wilayani, mkoani na wizarani, ivuke huko juu, halafu ishuke ngazi kwa ngazi mpaka kwake. Kipindupindu hakikusubiri. Kilipanda mtumbwi. Kwa hiyo nilifuata utaratibu, na nikampigia simu vilevile.

Sasa niwape kisa chenyewe.

Mwaka ule mvua zilizidi. Songwe ulitoka kwenye kingo zake, ukaingia mashambani, ukapita juu ya vyoo na juu ya visima. Wagonjwa wa kwanza walipatikana katika kile kijiji, wakiharisha maji meupe kama yale ya kuoshea mchele. Tulifanya kambi katika madarasa ya shule ya msingi, tukapanga vitanda vyenye tundu na ndoo chini yake, tukatundika dripu kwenye misumari iliyokuwa imebeba ramani ya Afrika.

Wilaya ilileta tenki kubwa la maji yaliyotiwa klorini. Wakati linawekwa mimi nilikuwa katika kijiji cha jirani, kwenye wagonjwa wengine. Mkutano wa kijiji ulikubaliana liwekwe uani kwa Mzee Ambokile, mzee wa kanisa, mtu asiyesema uongo hata kwa mzaha. Uwanja wake ulikuwa umeinuka, haukufikiwa na mafuriko, na lori liliweza kufika. Alilitoa eneo bure. Zaidi ya hayo, yeye na wazee wenzake walijitolea kulilinda tenki kwa zamu, watoto wasichezee bomba na mtu asinyweshe ng'ombe. Walileta viti, wakakaa mbele yake toka alfajiri mpaka jua linazama. Mnijulishe ni raia gani wema kupita hao.

Nilipofika nilikuta viti vimejaa wazee.

"Maji yapo, wazee wangu?"

"Yapo, Bwana Afya!" alijibu Mzee Gwakisa, ambaye hakuna msiba wala harusi aliyokosa kuchekesha. "Yapo mpaka juu. Hayapungui! Tunayalinda kama bibi harusi."

Wote wakacheka, na mimi nikacheka kidogo. Nikagonga tenki kwa kidole, chini, katikati, juu. Lilikuwa limejaa. Na kambini tulikuwa tumepokea wagonjwa wapya asubuhi ile ile.

Nilimwomba Mzee Ambokile tutembee wawili tuone kivuko. Tukashika njia ya kwenye kakao. Hatujaenda mbali, mwanamke akatokea mbele yetu na ndoo kichwani, akitokea mtoni. Alipotuona alikata kona ghafla, akaingia katikati ya mikakao, akasimama akitupa mgongo. Maji ya rangi ya chai ya maziwa yalimwagika begani kwake. Mzee naye aligeuza uso upande wa pili, akakohoa, akaongeza mwendo.

"Ni nani yule?" niliuliza.

"Mkamwana wangu," alisema kwa sauti ya chini. "Mke wa Lusekelo."

Kwa msomaji asiye wa kwetu: kwa mila za Wanyakyusa, mkamwana, yaani mke wa mwana, hakutani uso kwa uso na baba mkwe wake. Wakikutana njiani yeye hupisha. Hawapeani mikono, hawasemezani, hawaketi pamoja, na heshima hiyo humfikia kila mzee wa rika la baba mkwe. Makanisa yamelegeza jambo hili, na vijana wa mjini wanalicheka, lakini katika kijiji kile cha mtoni lilikuwa bado limesimama wima. Si chuki. Ni adabu, na wake wengi wanaiona kuwa kinga yao.

Tulipofika kivukoni, tukiwa wawili tu, nilimuuliza kwa heshima ya mtoto kwa baba.

"Tata, leo nani amechota kwenye tenki?"

"Watu wote. Tenki ni la wote."

"Uliowaona wewe."

Akafikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri kweli kabla ya kujibu. "Mke wangu. Mke wa mwalimu mkuu, yule wa kutoka Singida. Bibi mmoja. Na mbuzi wa jirani alijaribu, tukamfukuza."

"Na mkamwana wako?"

"Nitamwonaje mimi?" alisema, kama aliyeulizwa jambo lisilo na maana. Akautazama mto, akatazama njia tuliyotoka. Niliona jambo lenyewe linavyomshukia. Maji ya nyumba yanaletwa na wake wa vijana, na katika kijiji kile hapakuwa na mke wa kijana asiyekuwa na mkwe wake katika vile viti.

"Kyala wangu," alisema, akimwita Mungu.

"Nyanyukeni tu pale, tata. Leo."

Akatikisa kichwa. "Nilikabidhiwa mbele ya mkutano. Nikinyanyuka bila mkutano, watasema Ambokile amechoka kazi ya wananchi. Na wenzangu nitawaambia nini? Kwamba kazi yao nzuri ndiyo inayoua? Ngoja Jumapili baada ya ibada, tutalisema vizuri, kila mtu abaki na heshima yake."

Mnaona ugumu wake. Hakuwa mkaidi. Alikuwa anabeba heshima ya watu wengi, na heshima ni mzigo usioweza kutupwa chini kwa haraka. Nilimwambia Jumapili ni mbali kwa ugonjwa huu. Akasema amenisikia. Mimi nikapakia klorini kwenye pikipiki nikaanza kupita nyumba za kando ya mto, nikionyesha namna ya kutia dawa kwenye ndoo, hadi tope likaimeza pikipiki na giza likanirudisha.

Asubuhi iliyofuata, mvua ikiwa imepumzika, nilikuwa mlangoni mwa kambi nikichanganya dawa ya kuoshea mikono. Nikaona baiskeli inakuja inasukumwa katika maji ya magotini. Aliyeisukuma, fremu ikiwa katikati ya miguu yake, ni Mzee Ambokile. Nyuma, kwenye keria, alikuwa amekaa mwanamke aliyelegea kama nguo iliyolowa, amefungwa kwa kanga kwenye mgongo wa mzee asianguke. Mama Lusekelo, mke wa mzee, alitembea pembeni akimshikilia kiunoni na kulia.

Ndiye yule wa kwenye kakao. Jina lake Bupe. Mumewe, Lusekelo, alikuwa ng'ambo kwenye vibarua, na mto ulikuwa umekataa mitumbwi. Mama mkwe alimkuta ameanguka jikoni. Majirani wenye nguvu wote walikuwa wanahamisha mpunga uliobaki. Hapakuwa na mwingine wa kumbeba.

Mzee alifika akiwa ameinamisha macho kwenye tope, na nadhani hakuyainua njia nzima.

"Bwana Afya," alisema, "mpokee mtu."

Nesi na mimi tukamfungua, tukamlaza. Macho yalikuwa yameingia ndani na ngozi ya mkono ukiibana haikurudi. Nesi alitafuta mshipa wa kwanza akaukosa, akatafuta wa pili akaukosa. Nilisikia midomo yangu ikisema zaburi bila mimi kuituma. Wa tatu ukakubali, na dripu ikaanza kukimbia.

Mzee hakuingia. Alikaa nje chini ya dirisha, ameupa ukuta mgongo, nguo zikimchuruzika. Muda ulipita. Bupe alipoanza kufungua macho nesi alimpa maji ya chumvi na sukari kwa kikombe. Akageuza uso, hakutaka.

Sauti ya mzee ikapita dirishani. "Bwana Afya, upo? Mwambie mkamwana anywe."

Bupe alikuwa hatua chache kutoka kwake. Alisikia kila neno. Lakini nilifanya kazi niliyopewa. "Bupe, baba anasema unywe."

Akanywa funda moja. Akanong'ona, "Mwambieni baba nimekunywa."

"Mzee, anasema amekunywa."

"Kiasi gani?"

"Funda moja."

"Mwambie funda moja ni la kuku."

Nesi alicheka mpaka akashika kitanda. Na Bupe, Mungu ashukuriwe, alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, akakishika kikombe mwenyewe. Tuliendelea hivyo, yeye ndani na mzee nje, mimi katikati nikipeleka maneno yaliyokwishafika. Kikombe cha kwanza kikaisha, na cha pili. Kisha mzee akaniita nje.

"Maji aliyokunywa jana," aliniuliza, "ni ya mtoni?"

"Ndiyo, tata."

"Na ya kwangu yalikuwa yamejaa."

Akaokota baiskeli yake akaondoka, na mimi nikamfuata, maana nilitaka kuona.

Wazee walikuwa kwenye viti. Mzee Ambokile hakuwaamkia. Alichukua kiti chake mwenyewe, akakikunja, akasema, "Ndugu zangu, tumelinda vizuri. Sasa tunawazuia wake za watoto wetu wasipite. Wangu nimemwacha kambini na dripu mkononi. Nyanyukeni."

Nilihofia maneno makali. Mzee Gwakisa akajikuna kidevu.

"Kumbe ndiyo sababu hayapungui," alisema. "Na mimi nilidhani ni muujiza, nilikuwa najiandaa kutoa ushuhuda kanisani." Akanyanyuka, akakunja kiti. "Na nani atalinda?"

"Wakwe wa kike," alisema Ambokile. "Mama Lusekelo na wenzake. Mkamwana hamkimbii mama mkwe."

"Wewe humjui mke wangu," alisema Gwakisa, lakini alikuwa amekwisha kubeba kiti.

Mchana ule ule kipaza sauti kilipita, na wake za vijana wakaja, kwanza wawili wawili, wakichungulia kama uwanja ni mtupu, kisha kwa mstari. Jioni maji yakaisha na watu wakanijia wakilalamika. Sijawahi kufurahia malalamiko kama yale. Lori likaitwa tena.

Wazee, wakiwa hawana pa kukaa, walihamishia viti kivukoni. Mto ulipotulia na mitumbwi ikaanza kuvuka, wao ndio waliokuwa wa kwanza kusikia habari za ng'ambo: huko nako watu wanaugua, na Bwana Wedson ameishiwa dawa. Nilivuka na klorini niliyoweza kuibeba. Lakini maji safi, wale wa ng'ambo hawakuwa nayo hata ndoo. Ndipo Mzee Ambokile akasema wachote kwetu.

"Hao wana serikali yao," alisema mzee mmoja.

"Wanayo," alijibu Ambokile. "Na wakiugua wanafulia wapi? Humu humu. Na watoto wako wanaoga wapi?"

Hakuna aliyempinga tena. Mimi nimehudhuria semina nyingi kuhusu ushirikiano wa kimataifa, zenye chai na vitabu vya kuandikia, na sikumbuki hata moja iliyoeleza jambo hilo kwa maneno machache vile.

Niseme nililojifunza, kwa kuwa ninyi ndio mnaobaki. Ukitaka kumtumikia mtu, usiulize tu kama huduma ipo. Uliza nani hafiki, na ukae hapo mpaka ujue kinachomzuia. Mara nyingi kinachomzuia si ubaya. Ni wema wa mtu mwingine uliokaa mlangoni. Na usimvunjie heshima huyo mwema. Mpe mahali pengine pa kuweka kiti chake. Hata mila ile hatukuigusa. Bupe anapisha njia mpaka leo, na mzee anakohoa akiwa mbali ili apate muda wa kupisha. Maji yanachotwa.

Wagonjwa walipungua, kisha wakaisha. Wachache tulikuwa tumewazika mwanzoni, na siwasahau katika sala. Bupe alikuwa miongoni mwa wa mwisho kuruhusiwa. Asubuhi ile alikaa kwenye benchi mlangoni, mwembamba, amejifunga ile kanga, akimngoja mama mkwe. Nje ya dirisha nikasikia kikohozi ninachokijua.

"Bwana Afya. Mwambie mkamwana baiskeli ipo. Mama yake ataisukuma, yeye akae tu."

Nikageuka. "Bupe, baba anasema—"

"Nimesikia," alisema, kisha akajirudi, akainamisha kichwa, akashukuru kwa adabu yote: "Mwambieni baba, ndaga fijo. Mwambieni nitatembea polepole na mama. Baiskeli abebee maji ya watu wa ng'ambo."

Sikuwa na haja ya kuyapeleka maneno hayo, ila niliyapeleka. Nilisikia tu baiskeli ikitolewa ukutani. Nilipochungulia alikuwa ameshafika njiani, akielekea kwenye tenki, madumu matupu yakigongana kwenye keria.

Wewe unayesoma, uwe wa Kyela au wa mbali kuliko nilikowahi kufika, Bwana akupe maji safi na jirani wa kuyashiriki. Akupe macho ya kumwona anayepitia kwenye kakao na ndoo kichwani. Kazi ya mikono yako aipokee, iliyo kubwa na ile isiyoonwa na mtu. Kyala abasaje mwesa, Mungu awabariki nyote. Amina.